Nani Mwalimu wa Kwaya? Ubaguzi wa Rangi na Haki katika Elimu ya Uimbaji wa Kanisa

Mtume Paulo, anapowaandikia Wakolosai juu ya zaburi, tenzi na nyimbo za rohoni (Kol. 3:16), anazungumza juu ya kazi ambayo Biblia ya Kiswahili imeieleza kwa neno moja lenye uzito: kufundishana. Silabi ya mwisho ya neno hilo ina maana kubwa. Inatuambia kwamba katika kusanyiko la waamini kila anayeimba ni mwalimu wa mwenzake na mwanafunzi wa mwenzake. Mtume hajui kwaya ambayo ndani yake upande mmoja hufundisha daima na upande mwingine hufundishwa daima.

Katika makala haya tunataka kuipima elimu ya kwaya, kama inavyotolewa katika sharika na vyuo vyetu kuzunguka Arusha na Mlima Meru, kwa kipimo cha neno hilo. Wengi wanaozungumzia ubaguzi wa rangi katika muziki wa kanisa huanzia kwenye nyimbo: huuliza kama tunaimba korali nyingi mno za Kijerumani na nyimbo chache mno za Kiafrika. Swali hilo ni la haki, ila tunaliona kuwa ni la pili. La kwanza ni hili: ni nani anayehesabiwa kuwa mwalimu? Kanisa linaweza kuimba nyimbo za Kiafrika kila Jumapili na bado likaendelea kuwapanga watu kwa rangi zao, ikiwa Mzungu hutazamwa kuwa ndiye mwenye elimu ya muziki na Mwafrika kuwa ndiye mwenye kipaji tu.

1. Historia iliyotutangulia

Injili haikufika Meru katika hali ya usawa. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Mwezi Oktoba 1896 wawili wao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, na baada ya hapo serikali ya Kijerumani ikaleta vita vya adhabu juu ya Wameru na Waarusha. Kituo cha Nkoaranga kilianzishwa mwaka 1902 na kile cha Ilboru mwaka 1904. Kwa hiyo wale waliokaa darasani mara ya kwanza kujifunza korali walikuwa watu walioshindwa kwa silaha miaka michache tu iliyopita, na mwalimu wao alikuwa wa taifa lililowashinda. Hatusemi haya ili kuhukumu nia za wamisionari, ambao wengi wao walijitoa kwa upendo wa kweli. Tunasema tu kwamba sauti nne ziliingia katika nchi hii pamoja na mpango fulani wa nani yuko juu na nani yuko chini, na wanafunzi walijifunza yote mawili kwa pamoja.

Mpango huo ulizidi kukomaa chini ya utawala wa Kiingereza. Elimu ya Tanganyika iligawanywa kwa rangi, Wazungu kwao, Waasia kwao na Waafrika kwao, hata mfumo huo ulipofutwa mwaka 1962. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki ili ardhi yao igawiwe walowezi wa Kizungu, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York kudai haki ya watu wake. Msomaji na akumbuke kwamba miongoni mwa watu wa eneo hilo walikuwamo Wakristo wa Kilutheri, waliokuwa wameimba nyimbo zile zile zilizoimbwa katika makanisa ya Ulaya. Kuimba wimbo mmoja hakukuwafanya wawe sawa mbele ya sheria.

Lakini katika historia hiyo hiyo kuna ushuhuda mwingine ambao hautajwi vya kutosha. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa nchini mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hawakurudi hata mwaka 1925 na baada yake. Wamisionari wa Kimarekani wa Augustana walifika kusaidia katika kipindi hicho, lakini walikuwa wachache, na sehemu kubwa ya kazi ya sharika na shule ilibebwa na walimu Waafrika. Hao ndio waliosimama mbele ya watu na kuanzisha nyimbo. Uimbaji haukufa. Katika nchi ya Meru na Kilimanjaro hata matarumbeta, yaliyoletwa na Wajerumani, yamekuwa mali ya watu wenyewe, yakipigwa kwenye ibada, harusi na maziko. Ikiwa twatafuta waasisi wa elimu ya kwaya katika nchi hii, walimu wale wanastahili kuhesabiwa, ingawa wengi wao hawana nafasi katika vitabu.

2. Kosa la lugha lililoitwa kosa la mwimbaji

Sasa tuingie katika muziki wenyewe. Martin Luther, katika maandishi yake ya mwaka 1525 dhidi ya wale aliowaita manabii wa mbinguni, alieleza kwa nini hakuharakisha kutoa misa ya Kijerumani. Alisema kwamba kuyatia maneno ya Kijerumani katika sauti za Kilatini kunawezekana, ila hakupendezi, kwa kuwa maneno, sauti, mkazo na mwendo wa wimbo vyote vinapaswa kuzaliwa na lugha ya mama. Vinginevyo ni kuiga tu. Misa yake ya Kijerumani ya mwaka 1526 ilitokana na kanuni hiyo.

Tukiichukua kanuni ya Luther na kuitumia kwa Kiswahili, tunaona mara moja ugumu uliopo. Korali nyingi za Kijerumani huanza kwa silabi nyepesi na kumaliza mstari kwa silabi nzito. "Ein feste Burg" ni mfano wake: mstari wa kwanza unafunga kwa silabi yenye mkazo. Kiswahili hakina tabia hiyo. Karibu maneno yetu yote yana mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo mstari ukimalizika kwa neno kama Mungu, Bwana au imani, pigo zito la muziki huangukia silabi isiyo na mkazo, na neno hutoka limepinda. Kwa Kimeru na Kichagga jambo ni zito zaidi, kwa sababu katika lugha hizo kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili hata maana ya neno.

Mwimbaji aliyekulia katika lugha hizi hulihisi jambo hilo bila kufundishwa. Huvuta silabi, huchelewesha pigo, au hupitisha sauti kwa kuteleza kutoka nota moja hadi nyingine, ili neno lipate kupumua. Kwa miaka mingi walimu wa kwaya wameyasahihisha mambo hayo kuwa ni makosa, na wengine wameyaeleza kuwa ni dalili ya watu wasioweza nidhamu ya muziki. Hapa ndipo ubaguzi ulipojificha katika jambo linaloonekana kuwa la ufundi tu. Udhaifu wa tafsiri uligeuzwa kuwa udhaifu wa kabila. Aliyestahili kusahihishwa ni mfasiri, na mwimbaji, kwa kipimo cha Luther mwenyewe, ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli.

3. Nyimbo za mwaka 1966 na suala la majina

Chuo chetu cha Makumira kina nafasi ya pekee katika mjadala huu. Chuo hiki kilichoanzia Lwandai mwaka 1947 na kuhamia Makumira mwaka 1954 kilipata kuwa na mwalimu Mmarekani, Howard Olson, aliyewahimiza wanafunzi wake walete sauti za nyimbo za makwao na kuzitungia maneno ya Kikristo. Kutokana na juhudi hizo kilipatikana kitabu cha Tumshangilie Mungu. Miongoni mwa nyimbo za mwaka 1966 ni "Mfurahini, Haleluya", ambao maneno yake yalitungwa na Bernard Kyamanywa kwa sauti ya Kihaya, na "Njoo kwetu, Roho mwema" wa Wilson Niwagila.

Tunapaswa kusema kwa uwazi kwamba kazi hiyo ilikuwa tendo la haki. Mwalimu alikubali kuwa mwanafunzi. Alikaa kusikiliza sauti ambazo hakuzijua, kutoka kwa vijana aliopewa kuwafundisha, naye akazitafsiri kwa Kiingereza ili wengine nao wajifunze. Hiyo ndiyo kufundishana ya Wakolosai.

Hata hivyo, tukifuatilia safari ya "Mfurahini, Haleluya" nje ya nchi, tunakutana na jambo linalohitaji kutafakariwa. Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliuandika kwa Kijerumani. Leupold alizaliwa Berlin mwaka 1909, na kwa kuwa mama yake alikuwa wa asili ya Kiyahudi, sheria za rangi za Wanazi zilimfungia njia ya utumishi, akalazimika kuondoka Ujerumani mwaka 1938. Baadaye alifundisha katika seminari ya Waterloo huko Kanada, naye ndiye mhariri wa juzuu ya tafsiri ya Kiingereza ya maandiko ya Luther kuhusu liturgia na nyimbo. Mtu aliyefukuzwa na ubaguzi wa rangi ndiye aliyewapelekea Wajerumani wimbo wa Pasaka kutoka Afrika. Leo wimbo huo ni namba 116 katika Evangelisches Gesangbuch, kitabu kilichoanza kutumika katika makanisa ya Ujerumani kati ya mwaka 1993 na 1996. Jina la Kyamanywa limo, pamoja na jina la wimbo kwa Kiswahili. Lakini kuhusu sauti yake kitabu kinasema tu kwamba imetoka Tanzania.

Mtu atasema kwamba sauti ya asili haina mtungaji anayejulikana, na hata nyimbo za kale za Ulaya ziko hivyo. Ni kweli. Lakini hebu tutazame. Sauti ya korali "Jesus, meine Zuversicht" nayo haina mtungaji anayejulikana kwa hakika, na kwa kawaida huandikwa: Berlin, 1653. Imepewa mji na mwaka. Ina mahali pa kuzaliwa na umri. Sauti ya Wahaya imepewa nchi nzima, kana kwamba Mhaya, Mmeru, Mhehe na Mmakonde huimba kwa sauti moja isiyo na tarehe. Hatudhani kwamba waliokiandika kitabu walikusudia dharau. Tunachokisema ni kwamba kuna watu ambao sanaa yao huhesabiwa kuwa historia, na kuna wengine ambao sanaa yao huhesabiwa kuwa kama mvua au mimea, kitu kinachotoka tu katika nchi. Mwanafunzi wa kwaya anayesoma maandishi hayo madogo chini ya wimbo hujifunza kutoka kwayo, hata kama mwalimu hasemi neno.

4. Ngoma kama kifungo

Upande wa pili wa dharau ni sifa isiyo na maarifa. Siku hizi wageni wengi wanaofika Arusha, wakiwamo wanakwaya kutoka Ulaya na Marekani, hawatamani kusikia korali. Wanatamani kusikia Afrika, nayo kwao ni ngoma, vigelegele na kucheza. Kwaya zetu zimejifunza kuwapa wanachokitaka: korali moja kwa heshima, halafu ngoma kwa furaha.

Lakini katika mitelemko ya Mlima Meru wako Waarusha, ambao kama Wamaasai huzungumza Kimaa. Uimbaji wao wa asili hauna ngoma. Nguvu yake imo katika sauti za watu peke yake: kiongozi, ambaye Wamaasai humwita olaranyani, hutoa wimbo, na wenzake humjengea chini yake mapigo ya sauti nzito yanayoshikana na pumzi na mwendo wa mwili. Kumwambia kijana wa Ilboru kwamba hawezi kuimba Kiafrika mpaka ashike ngoma ni kumnyang'anya urithi wake kwa jina la kumrudishia.

Zaidi ya hayo, mpango huu wa kupokea wageni umegawanya kazi kwa rangi. Kwaya ya kigeni inapokuja huombwa iendeshe semina ya kuwafundisha wenyeji: kupumua, kusoma nota, kutunza sauti. Wenyeji huombwa watumbuize. Ni mara chache mno kwamba olaranyani au mama mzee anayejua nyimbo mia moja kwa moyo huombwa awafundishe wageni kwa saa mbili, naye ahesabiwe kuwa mwendesha semina na kupewa posho sawa. Mmoja anatoa elimu, mwingine anatoa furaha. Hakuna aliyemtukana mwenzake, wote wamepiga picha pamoja, na bado rangi imeamua nani akae upande upi wa chumba.

5. Hoja mbili tunazopaswa kuzijibu

Ya kwanza ni ya wale wanaosema: basi korali na ziondolewe. Hatukubaliani nao. Korali zimeimbwa katika nchi hii kwa zaidi ya miaka mia moja. Zimewasindikiza wafu wetu makaburini, zimepigwa kwa matarumbeta alfajiri ya Pasaka, na hakuna mwenye mamlaka ya kumwambia bibi wa Nkoaranga kwamba wimbo aliozikiwa nao mumewe si wake. Kuzifukuza korali kwa sababu zilitoka Ulaya ni kukubali wazo lile lile la kibaguzi kwamba kila rangi ina muziki wake na ibaki humo. Nota pia zibaki. Kijana asiyefundishwa kusoma nota hunyimwa mlango wa vitabu, na kumnyima mlango huo kwa kisingizio cha Uafrika si haki.

Hoja ya pili ni ya wale wanaosema kwamba ubaguzi ulikwisha, kwa kuwa leo walimu wa kwaya ni Waafrika wenyewe. Hawa wanahitaji kukumbushwa habari za Ephraim Amu wa Ghana. Amu, mwalimu na mtunzi mashuhuri, aliondolewa mwaka 1933 katika chuo cha ualimu cha Wapresbiteri huko Akropong, kwa sababu alivaa vazi la kienyeji kanisani na kuleta ngoma na ala za Kiafrika katika ibada. Waliomwondoa walikuwa viongozi wa kanisa lake, na miongoni mwao Waafrika wenzake. Mpango wa rangi ukishajengwa unaweza kuendeshwa na watu wa rangi yoyote. Katika mashindano ya kwaya, wimbo wa lazima mara nyingi ni ule wa kitabuni, na hukumu hutolewa kwa kufuata nota zilivyoandikwa. Mwimbishaji anayebuni, anayejua kurefusha ubeti kwa kadiri ya hali ya watu waliopo, anapotezewa alama kwa ujuzi ule ule ambao katika utamaduni wake ungemfanya mwalimu.

Wakatoliki wenzetu walilitazama jambo hili mapema. Padre Stephen Mbunga alichapisha mwaka 1963 kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujamaliza kazi yake. Alionyesha kwamba muziki wa Kibantu una kanuni zake zinazoweza kuelezwa, kusomwa na kufundishwa kama elimu nyingine yoyote. Hilo ndilo jambo ambalo walimu wengi wa kwaya hawajalikubali bado: kwamba tunachokiita kipaji ni elimu, yenye walimu, wanafunzi na makosa yanayosahihishwa.

6. Hitimisho

Ni kweli kwamba mambo yameanza kubadilika. Katika Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira muziki wa Kiafrika hufundishwa darasani pamoja na nota za Kizungu. Lakini wachungaji wengi husimamia kwaya bila kupita katika darasa hilo, nao ndio wanaoamua nani ataitwa mwalimu katika usharika. Kwa ajili yao tunatoa mapendekezo matatu.

Kwanza, kila mtaala wa uimbaji na kila semina ya kwaya iwe na mwalimu anayefundisha kwa sikio, mwenye muda, cheo na malipo sawa na yule anayefundisha kwa nota, na wageni wanaokuja kufundisha wakubali kuketi mbele yake. Pili, kila wimbo wa asili unaoandikwa au kurekodiwa uandikwe pamoja na kijiji ulikotoka, lugha yake, jina la aliyeutoa na mwaka uliochukuliwa. Mzee aliyemwimbia mwanafunzi wimbo huo bado anaweza kuwa hai, na akifa bila jina lake kuandikwa, hakuna mwaka tutakaoweza kumrudishia. Tatu, waamuzi wa mashindano wapewe vigezo vinavyotambua kazi ya mwimbishaji na waitikiaji, na tafsiri za korali zipitiwe upya ili mkazo wa maneno uheshimiwe.

Siku ya Pentekoste watu walisikia matendo makuu ya Mungu, kila mmoja kwa lugha yake (Mdo. 2). Roho alipowafundisha mataifa hakumtaka mtu yeyote kwanza aikane sauti ya mama yake. Mchungaji anayepokea usharika mpya katika mitelemko ya Meru atakuta kabatini vitabu vya nyimbo, na atakuta pia, katika benchi la nyuma, mzee ambaye hajawahi kuombwa afundishe. Vitabu vitamngoja. Na aanze kwa kwenda kuketi karibu na mzee huyo.